Nyota ya Kaskazini Haionekani Magadi

Saa mbili na nusu usiku, kando ya Ziwa Magadi, watu wapatao 60 walikuwa wameketi ndani ya hema wakitazama picha za nyota kwenye kitambaa cheupe. Nje ya hema hilo nyota zenyewe zilikuwa zimejaa mbingu nzima. Aliyekuwa akizitazama ni mlinzi wa kambi peke yake.

Niseme wazi tangu mwanzo: makesha yetu ya nyota, kwa jinsi tunavyoyaendesha, yanawazoesha watu kutoitazama mbingu. Nasema "yetu" kwa sababu mimi si mgeni aliyekuja kukosoa. Nasomea shahada ya uzamili katika fizikia, na usiku huo wa Januari nilikuwa miongoni mwa waliojitolea. Nilibeba darubini, nikapanga viti, nikaunganisha projekta na jenereta. Hata slaidi zilizokuwa zikionyeshwa nilizitayarisha mimi.

Slaidi ya tano iliwaambia watu waanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Msemaji alieleza kwa Kiingereza fasaha namna ya kuzifuata nyota mbili za Dubu Mkubwa mpaka uifikie. Watu wakaandika kwenye daftari. Wengine wakaipiga slaidi picha kwa simu.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Kimo cha Nyota ya Kaskazini angani hulingana na umbali wako kutoka ikweta. Ukiwa London inaning'inia juu kabisa. Ukiwa Cairo imeshuka. Ukifika kwenye ikweta inalala kwenye upeo wa macho. Magadi iko karibu digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo imezama, na haichomozi usiku wowote wa mwaka. Tulitoza watu kiingilio, tukawasafirisha zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi kwenye joto na vumbi, kisha tukawafundisha kutafuta kitu kilicho chini ya ardhi.

Slaidi hiyo niliitoa kwenye mafunzo yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa kizio cha kaskazini. Niliinakili bila kuwaza. Nilikuwa na shahada ya kwanza, nilikuwa nimefaulu mitihani ya mwendo wa sayari, na sikuwahi kujiuliza kama nyota hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Katikati ya mhadhara nilitoka nje kuongeza petroli kwenye jenereta. Mlinzi alikuwa amesimama karibu na magari, shuka begani, rungu mkononi. Tulisalimiana, kisha akaniuliza, "Kijana, hao humo ndani wanatafuta nini?"

"Wanafundishwa nyota, mzee. Kuna moja ya kaskazini isiyosogea."

Aligeuka akatazama kaskazini kwa muda. "Hapa hakuna nyota isiyosogea," akasema. "Zote zinatoka kule, zinaingia kule." Akaipitisha rungu juu ya kichwa chake, kutoka mashariki hadi magharibi.

Sentensi hiyo ndiyo somo la kwanza la anga la ikweta. Aliye karibu na ncha za dunia huona nyota zikizunguka usiku kucha bila kuzama. Sisi tulio hapa, kila nyota tunayoiona huchomoza na kuzama. Mzee aliyajua hayo kwa sababu kazi yake ni kukesha. Nilimwonyesha Kilimia, akaniambia kwa Kimaasai kinaitwa Inkokua, na kwamba wazee walikuwa wakihesabu majira ya mvua kwa kuangalia kinapopotea jioni. Waswahili nao walifanya vivyo hivyo, ndiyo maana jina lenyewe limetoka kwenye kulima, na wahenga wakasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hakuna hata slaidi moja yangu iliyokuwa na neno Kilimia.

Nilirudi hemani. Mhadhara uliendelea mpaka saa tatu na nusu. Jicho la binadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na sisi tulikuwa tumewakodolesha watu macho kwenye mwanga mweupe kwa saa mbili nzima. Walipotoka wengi waliona weusi tu, wakawasha tochi za simu, wakawaharibia hata wale walioanza kuona. Wakati huo Orioni, na ule mkanda wake wa nyota tatu, ilikuwa utosini kabisa, mahali ambapo mtu wa Ulaya hawezi kuiona kamwe akiwa kwao. Hakuna aliyewaambia wainue vichwa. Waliambiwa wapange foleni.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba sayansi ina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Naandika tasnifu yangu kwa Kiingereza, kwa hiyo sina ugomvi nacho. Lakini nilisimama kwenye foleni ile ya darubini. Kila aliyeinama akaiona Mshtarii na miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, aliinuka na "Haki ya Mungu!" au "Woi!" Mshangao ulitoka kwa lugha ya nyumbani. Maswali ndiyo yaliyokwama, kwa sababu hemani yalitakiwa kwa Kiingereza na watu wakaogopa kukosea mbele ya wenzao. Nilihesabu maswali mawili tu. Na anayedai Kiswahili hakina maneno ya anga hajafungua kamusi: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yamo humo tangu zamani, pamoja na Suheli, nyota ing'aayo upande wa kusini.

Jibu la pili ni kwamba darubini ni ghali, na kila mpita njia akiigusa itaharibika. Wanaosema hivyo hupenda kuiga makesha ya Marekani, basi tuige vizuri. Huko Vermont, kwenye mkusanyiko wa Stellafane ulioanza miaka ya 1920, sifa ya mtu ilikuwa kuja na darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake. John Dobson, aliyeunda darubini kwa mbao nyepesi na mabomba ya karatasi ngumu, alishiriki mwaka 1968 kuanzisha kundi la San Francisco lililoweka darubini kando ya barabara na kumwita yeyote aliyepita. Sisi tumechukua hema na mhadhara, tukaacha barabara na mpita njia.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba hapa kwetu hakuna cha maana cha kuonyesha, maana vituo vikubwa viko kwingine. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikaitwa Uhuru, kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa lilikuwa la Waitalia, sitaki kuwapamba wazee wetu kwa kazi isiyo yao. Lakini wageni hao walikuja Malindi kwa sababu iko karibu na ikweta. Sisi tuliozaliwa juu yake tunawafundisha watoto wetu anga la London.

Na hapa nikubali kosa langu kubwa kuliko lile la slaidi. Foleni ilipoanza, nilimwona yule mzee amesimama palepale, hatua kama 30 kutoka kwenye darubini. Hakuna aliyemkataza kuja. Hakuna aliyemwita pia, na mimi niliyekuwa nimezungumza naye sikumwita. Niliona haya mbele ya wageni waliolipa.

Nilimwita saa saba usiku, wengi walipokuwa wamelala. Kaskazini Dubu Mkubwa alikuwa amepanda, kusini Msalaba wa Kusini umeinuka, vyote viwili kwa wakati mmoja, na kwenye hema hakuna aliyekuwa ameambiwa asubiri kuona hilo. Mshtarii ilikuwa imeshuka magharibi lakini bado safi. Mzee aliinama, akakaa muda mrefu, akahesabu miezi kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, "Kesho mtakuwepo? Nimlete mjukuu wangu aone."

"Tunaondoka asubuhi, mzee."

"Haya," akasema, akarudi kwenye magari.

Wanaoandaa kesha lijalo nimeshawaambia ninachotaka, na ninakirudia hapa ili nisije nikakikana. Projekta ibaki mjini. Mhadhara utolewe nje, gizani, watu wamelala chali kwenye mikeka, na uanze na anga la mahali hapo: nini kiko utosini, nini kinachomoza, nini kinazama. Uwe kwa Kiswahili, na asiyekijua atafsiriwe. Anayekesha mahali hapo kila siku aombwe azungumze, alipwe kama msemaji mwingine. Watoto wa jirani wawe mbele ya foleni, bila kiingilio, kabla yetu sisi tulio na magari. Na tukae usiku wa pili.

Wakikataa, darubini yangu ndogo ninayo. Nitaipanda nayo matatu ya Magadi, na ninajua wa kwanza nitakayemtafuta.