Fimbo Haimfunzi Mbwa

Watu wengi hudhani ya kuwa kumfunza mbwa ni kazi rahisi: shika fimbo, piga kelele, naye atatii. Wengine husema kwamba mbwa hana haja ya kufunzwa neno lo lote, kwani kazi yake ni kubweka usiku na kula makombo mchana. Mimi siyakubali maneno haya yote mawili, nami nataka kuwaeleza ninyi wanafunzi sababu zangu. Someni kwanza habari zenyewe, kisha pimeni kama nasema kweli.

Katika nchi ya Uingereza, na nchi nyingine nyingi, yako mashindano ya mbwa ya namna mbalimbali. Nitawaeleza namna tatu.

Namna ya kwanza ni mashindano ya mbwa wachungao kondoo. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1873, mwenye mashamba mmoja, jina lake Richard John Lloyd Price, aliwakusanya wachungaji katika mji wa Bala, nchi ya Wales, ili ijulikane ni mbwa gani anayeijua zaidi kazi yake. Tuzo ilichukuliwa na mbwa aliyeitwa Tweed, wa Mskoti mmoja aliyekuwa akikaa huko Wales. Mashindano ya jinsi hiyo yangaliko hata leo. Mchungaji husimama mahali pamoja, na kondoo wako mbali, penginepo hata upande wa pili wa kilima. Mbwa hutumwa awazunguke polepole asiwatishe, awalete kwa mstari ulionyoka, awapitishe katika malango, na mwisho awatie zizini. Mchungaji hana kitu cha kumwongozea ila sauti yake na mluzi wake. Mbwa akiwatawanya kondoo mwamuzi humpunguzia alama, na akiwauma aweza kutolewa kabisa.

Yuko mbwa mmoja ambaye wachungaji hawajamsahau. Aliitwa Old Hemp, naye alizaliwa mwaka 1893 katika jimbo la Northumberland, kwa mchungaji Adam Telfer. Siku zile mbwa wengi wa kondoo walikuwa wakali, wenye kubweka na kukimbia-kimbia. Old Hemp hakubweka. Aliinama, akawakazia kondoo macho, nao wakaenda alikotaka. Watu walipoona jinsi alivyofanya kazi kwa utulivu, wakataka watoto wake. Na leo mbwa wa kondoo wa kabila lile, popote walipo duniani, karibu wote ni wa uzao wake. Basi hata kwa mbwa, kelele nyingi si nguvu.

Namna ya pili ni mashindano ya utii. Huko Marekani palikuwa na bibi mmoja, Helene Whitehouse Walker, aliyefuga mbwa wa manyoya mengi waitwao poodle. Watu waliwadharau, wakisema kwamba mbwa wale ni pambo tu, hawana akili wala kazi. Bibi yule hakujibizana nao. Mwaka 1933, katika mji wa Mount Kisco, jimbo la New York, alifanya mashindano ya kuwajaribu mbwa wa kila kabila kwa maneno ya utii: kutembea kando ya bwana wake, kuketi, kulala, kuja akiitwa, kuleta kitu kilichotupwa, na kungoja mahali alipoachwa ingawa bwana wake ameondoka. Mwaka 1936 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kiliyakubali mashindano hayo na kuyawekea kanuni. Mwaka uliofuata bibi Walker na mwenziwe, Blanche Saunders, walifunga safari ndefu kwa motokaa pamoja na mbwa wao, wakaizunguka nchi ile na kuwaonyesha watu namna ya kufunza.

Namna ya tatu ndiyo changa zaidi, nayo ni mashindano ya wepesi. Mwaka 1978, katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, yaliyokuwa yakifanyika London wakati ule, palikuwa na nafasi tupu kati ya shughuli moja na nyingine uwanjani. Bwana John Varley alitakiwa atafute jambo la kuwafurahisha watazamaji. Akasaidiwa na mfunzaji wa mbwa, Peter Meanwell, nao wakafuata mfano wa mashindano ya farasi warukao viunzi, wakayatengeneza yafae mbwa. Watazamaji walipendezwa mno. Kwa mwaka wa 1980 mchezo ulikuwa umekwisha kupata kanuni zake, na tangu hapo umeenea katika nchi nyingi.

Mbwa wa mchezo huu huruka viunzi, hupenya ndani ya bomba refu la turubai, hupanda mbao mbili zilizoegemezana kama paa la nyumba, na hupita juu ya ubao mwembamba ulioinuliwa. Tena hupita juu ya ubao uliowekwa kama mizani, ambao upande mmoja hushuka na wa pili hupanda. Lakini jambo gumu kuliko yote, kwa maoni ya wengi, ni safu ya vijiti 12 vilivyosimikwa. Mbwa hana budi kujipenyeza kati yake, kulia na kushoto, bila kuruka hata kimoja. Akiangusha kiunzi huandikiwa makosa 5. Akikikataa kizuizi huandikiwa makosa 5 tena, na akikataa mara tatu hutolewa. Chini ya zile mbao za kupanda pamepakwa rangi nyingine, naye lazima akanyage pale penye rangi, asije akaruka kutoka juu na kuumia. Mnaona jinsi kanuni yenyewe ilivyomfikiria mnyama.

Sasa nawaomba mlitafakari jambo hili. Katika mashindano ya wepesi, mwenye mbwa haruhusiwi kumgusa mbwa wake akiisha kuanza. Haruhusiwi kuchukua chakula mkononi, wala kitu cha kuchezea. Fimbo haiingii uwanjani kamwe. Tena vizuizi hupangwa upya kila mara, na mbwa hakuona mpango huo; bwana wake peke yake ndiye aliyepewa nafasi ya kuutembelea kwanza na kuukariri. Basi mbwa hukimbia huku akimtazama bwana wake: mkono waelekea wapi, bega limegeuka upande gani, miguu yakimbilia wapi. Bwana akigeuza bega kabla ya wakati, mbwa hukiendea kizuizi kisicho chake, akatolewa. Watazamaji husema, “Mbwa amekosa.” Lakini aliyekosa ni nani? Mbwa alitii kama alivyoonyeshwa. Mimi naona kwamba huko ndiko kuliko na faida kubwa ya mashindano haya, kwa sababu humpima bwana kabla ya kumpima mbwa.

Nami sikatai ya kuwa fimbo ina nguvu. Zamani wafunzaji wengi, na zaidi katika majeshi, walifunza kwa kuvuta kamba kwa ghafula na kwa adhabu, na mbwa wao walitii. Lakini utii wa hofu hufika mpaka pale mkono unapofika. Mbwa akiisha kuwa mbali, au kamba ikifunguliwa, hofu nayo huondoka. Na kazi ya mbwa, iwe ya zizini, iwe ya kulinda, iwe ya mashindano, sehemu kubwa yake hufanyika mbali na mkono wa bwana wake.

Tena fimbo hufunza neno lisilokusudiwa. Tuseme kijana mmoja anamwita mbwa wake, “Njoo!” Mbwa anafukuza kuku wa jirani, haji. Kijana anaita mara ya pili, na ya tatu, na ya nne. Mwisho mbwa anawaacha kuku na kurudi. Na kijana, kwa kuwa amekasirika, anampiga. Je, mbwa amefunzwa nini? Kijana adhani amemfunza asifukuze kuku. Lakini mbwa hawezi kukumbuka na kupima kama mtu. Yeye huunganisha kipigo na jambo alilolifanya mara ile ile, nalo ni kurudi kwa bwana wake. Kesho akiitwa atasimama mbali, au atakimbia zaidi. Ndipo kijana husema, “Mbwa huyu ni mkaidi, aongezwe fimbo.” Basi fimbo huzaa fimbo, na kosa la kwanza lilikuwa la mtu.

Njia iliyo bora ni nyingine. Angoje mbwa atende jema, hata likiwa dogo, na hapo hapo amsifu na kumpa kipande cha chakula. Asichelewe, maana sifa iliyochelewa humpotosha mbwa kama kipigo kilichochelewa. Afunze jambo moja moja, kwa muda mfupi, na kuacha kabla mbwa hajachoka. Jambo gumu aligawe sehemu ndogo ndogo. Wale vijiti 12 hakuna awafunzaye kwa siku moja. Wengine huanza na vijiti viwili tu.

Labda mtasema, “Hayo ni mambo ya Ulaya.” La, yako hata kwetu. Mjini Morogoro, nchini Tanzania, kwa muda wa miaka mingi panya wakubwa wamefunzwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Hawapigwi. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mdogo, na mara hupewa chakula. Panya mmoja, Magawa, aliyezaliwa huko mwaka 2013, alipelekwa nchi ya Kambodia, akavumbua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya ushujaa na chama kimoja cha Uingereza. Tena karibu na Arusha mbwa wamefunzwa kunusa pembe za ndovu zinazofichwa na wezi, na ujira wao ni kuchezeshwa mpira. Ikiwa panya aweza kuokoa maisha ya watu pasipo kuchapwa hata mara moja, sisi tunayo sababu gani ya kumvunja mbwa mbavu ili akae nje ya jiko?

Yako maneno mengine ambayo watu husema juu yangu, nami nitayajibu. Wa kwanza husema kwamba mashindano haya ni mchezo wa matajiri. Ni kweli kwamba vyombo vyake na safari zake zataka fedha. Lakini sisemi kila kijiji kijenge uwanja. Maneno matatu hayagharimu hata shilingi moja: Keti, Ngoja, Njoo. Mbwa ayajuaye maneno haya hamrukii mpita njia, hawafukuzi mbuzi wa watu, wala hakimbilii barabarani akagongwa na motokaa. Na jirani ambaye dini yake yamtaka ajiepushe na mate ya mbwa atapita mbele ya nyumba yako kwa amani. Basi mbwa aliyefunzwa ni adabu ya nyumba nzima.

Wa pili husema kwamba mashindano huwatesa wanyama kwa ajili ya sifa za watu. Neno hili lina ukweli, nami silipuuzi. Wako watu ambao kwa kupenda tuzo huwarukisha watoto wa mbwa kabla mifupa haijakomaa. Ndiyo sababu huko Uingereza mbwa asiyetimiza miezi 18 haruhusiwi kuingia katika mashindano ya wepesi. Wako na wengine ambao, wakishindwa, hurudi nyumbani na kuwakasirikia mbwa wao. Mtu wa namna hiyo heri asishindane, kwa kuwa mbwa hajui habari za kombe wala utepe. Yeye ajua tu kwamba bwana wake amefurahi au amechukiwa.

Basi, enyi wanafunzi, wahenga walisema, “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Mkimwona mbwa akipita kati ya vijiti kama maji, jueni kwamba pana mtu aliyeamka mapema siku nyingi na kuivumilia kazi ile. Mwenyezi Mungu amewaweka wanyama chini ya mkono wetu, naye hakutupa mkono ule kwa kupigia tu. Leo mkifika nyumbani mwangalieni mbwa wenu. Mwiteni kwa jina lake. Akija huku ameinamisha kichwa, ameficha mkia katikati ya miguu, msiulize mbwa ana nini. Ulizeni ametendewa nini. Kisha anzeni upya na neno moja, Njoo, na kila ajapo, hata akichelewa, apate mkono mwema.

MASWALI

1. Kwa nini Old Hemp alipendwa na wachungaji?
2. Bibi Walker aliwajibuje waliowadharau mbwa wake?
3. Katika mashindano ya wepesi, kwa nini kosa la mbwa mara nyingi ni kosa la bwana wake?
4. Mbwa apigwaye baada ya kurudi hujifunza nini?
5. Je, wewe wakubaliana na mwandishi juu ya fimbo? Eleza sababu zako.