Mshikamano wa Jeli Upimwe, Usisomwe Kwenye Lebo

Biashara ya urembo imeeneza duniani jeli inayodungwa chini ya ngozi ili kujaza makunyanzi. Nyingi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 kutoka katika jicho la ng'ombe. Yawezekana mwalimu wa Iringa au mtumishi wa Serikali mjini Mbeya akauliza jambo hili linamhusu nini. Linamhusu sana, maana swali la msingi ni nani apimaye kinachoingia mwilini mwa mwananchi.

Jeli hiyo husifiwa kwa mshikamano wake, yaani uwezo wa kubaki pamoja bila kutawanyika. Mshikamano haufanani na ugumu. Ugali uliopoa ni mgumu, lakini humeguka. Mlenda ni laini kabisa, lakini huvutika usikatike.

Njia za kuupima ni kadhaa. Jeli husukumwa kutoka katika bomba la sindano na matone yake yakapimwa uzito. Tone zito huashiria mshikamano mkubwa. Hugandamizwa kati ya sahani mbili ili kupima nguvu inayorudisha. Hutiwa rangi, ikakorogwa majini na kutazamwa inavyotawanyika. Kwa njia hiyo wataalamu walichapisha mwaka 2015 kipimo cha ngazi 5. Matokeo ya njia moja hayawezi kulinganishwa ovyo na ya nyingine. Kwa hiyo maneno "mshikamano mkubwa" juu ya pakiti, pasipo kutaja njia iliyotumika, ni tangazo la biashara tu.

Wala kipimo hicho peke yake si kinga. Jeli ikiingia kwa bahati mbaya katika mshipa wa damu usoni, huweza kumpofusha mtu.

Tangu mwaka 2019 Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo msimamizi wa bidhaa hizo za tiba, na ofisi yake ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Mjini humo kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na Iringa kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kinachoandaa walimu. Kupima uzito wa tone kunahitaji mizani nyeti na nidhamu. Vyuo hivyo vifundishe kazi hiyo, na walimu waifikishe madarasani.

Kujitegemea kulikotangazwa Arusha mwaka 1967 hakukuhusu jembe peke yake. Taifa lisilopima lenyewe litaendelea kuuziwa maneno.