Minara ya maji Kitui na Makueni: Nani amepiga hesabu ya mshono?

Msafiri anayetoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi mjini Kitui hakosi kuona minara ya chuma iliyobeba matangi ya maji. Imo shuleni, katika zahanati na kando ya visima vya kuchimbwa. Katika eneo hili ambalo mito mingi hubaki mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, tangi lililoinuliwa juu si pambo. Ndilo linalosukuma maji hadi bombani.

Ndilo pia linaloning'inia juu ya vichwa vya akina mama na watoto wanaopanga foleni na mitungi yao. Tangi la lita 10,000 likijaa huwa na maji ya uzani wa tani 10. Uzani huo haushikiliwi na vyuma pekee, bali na mishono iliyochomelewa na fundi kuviunganisha. Swali ambalo wenyeji wa kaunti za Kitui na Makueni wana haki ya kuliuliza ni hili: nani aliyepiga hesabu ya mishono hiyo?

Mara nyingi jibu ni kwamba fundi alipima kwa jicho. Jicho la fundi mzoefu si la kudharauliwa, lakini nguvu ya mshono ni jambo linalohesabika, na hesabu yenyewe haizidi ile ya darasa la nane.

Mshono wa kawaida hujazwa kwenye kona ambapo vyuma viwili vinakutana, ukawa na umbo la pembetatu. Upana wa upande mmoja wa pembetatu hiyo ndio ukubwa wa mshono. Hata hivyo, mshono hukatikia mahali penye wembamba zaidi, yaani kooni. Koo ni takriban asilimia 70 ya upande. Kwa hivyo mshono wa milimita 6 una koo la milimita 4.2.

Kanuni ya Uingereza ya BS 5950, iliyotumiwa kwa miaka mingi na wahandisi wa Kenya, iliruhusu mshono wa chuma cha kawaida kubeba nyutoni 220, yaani kilo 22 hivi, kwa kila milimita ya mraba ya koo. Kanuni za Ulaya zilizofuata hutumia njia ya msingi iyo hiyo. Maana yake ni kwamba kila milimita moja ya urefu wa mshono wa milimita 6 inaweza kutegemewa kubeba karibu kilo 94.

Sasa turejee kwenye tangi letu. Lina miguu minne, na kila mguu unapokea robo ya mzigo, kilo 2,500. Mhandisi huongeza akiba ya usalama, tuseme asilimia 40, mzigo ukawa kilo 3,500. Ikiwa mzigo huo unashuka moja kwa moja kwenye mstari wa mshono, urefu unaohitajika ni milimita 37 tu. Ncha za mshono aghalabu huwa hafifu, kwa hivyo huongezwa milimita 6 kila upande. Jumla ni kama milimita 50, urefu usiozidi kidole.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Fundi akiona kipande kifupi hivyo kinatosha, huamini kwamba mshono wowote utatosha. Lakini mzigo haushuki daima kwenye mstari wa mshono. Tuchukue mkono wa chuma uliotokeza ubavuni mwa mguu, na boriti ya tangi imekaa juu yake, milimita 150 kutoka kwenye mguu. Mkono huo umeshikwa kwa mishono miwili ya wima, kila mmoja ukiwa na urefu wa milimita 100. Kwa mtazamo wa haraka, milimita 200 za mshono ni nyingi mno kwa kilo 3,500.

Hesabu inasema vingine. Mzigo ukiwa mbali na mguu unakuwa kama mtu anayeng'oa msumari kwa mtaimbo. Unauvuta mshono kwa juu na kuusukuma kwa chini. Nguvu kwenye ncha ya juu hufika kilo 158 kwa kila milimita, ilhali uwezo ni kilo 94. Mshono uliotosha mara tano sasa umezidiwa.

Dawa yake si ghali. Mishono hiyo ikirefushwa kutoka milimita 100 hadi 150, nguvu hushuka hadi kilo 71 hivi, chini ya kiwango. Nusu ya urefu iliyoongezwa imepunguza mateso ya mshono kwa zaidi ya nusu. Siri hiyo jicho haliioni. Huonwa na kalamu.

Hesabu hizi zote zinadhani kwamba mshono ni mzima. Mshono wa milimita 3 una nusu ya nguvu ya ule wa milimita 6, na rangi ikishapakwa, mtazamaji wa mbali hatambui tofauti. Mshono ambao haukuyeyusha chuma cha chini, ukakaa juu juu kama nta, hauna nguvu ya kutegemewa hata ukiwa mnene. Kutu nayo hula polepole. Maji yakivuja kila siku juu ya mshono wa milimita 3 na kula milimita moja, thuluthi ya nguvu imekwenda.

Dunia imekwisha kulipia somo la mshono mdogo. Machi 27, 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, na watu 123 kati ya 212 waliokuwamo wakafariki. Wachunguzi walifuata chanzo hadi kwenye mshono wa milimita 6 uliokuwa umeshikilia kifaa kidogo cha kunasa sauti majini. Mshono huo haukukusudiwa kubeba jukwaa. Ufa ulianzia hapo, ukakuzwa na mawimbi hadi mhimili ukakatika.

Kenya haina upungufu wa sheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya 2011, na miongoni mwa kazi zake ni kuwaidhinisha mafundi wenye ujuzi na wasimamizi wa ujenzi. Kanuni mpya ya kitaifa ya majengo ilichapishwa 2024, ikapangiwa kuanza kutumika Machi 1, 2025 badala ya ile ya 1968. Nayo Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za maji pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa maneno mengine, serikali inayolipia mnara ndiyo pia inayomfunza kijana atakayeuchomelea.

Pengo liko kati ya karatasi na mnara. Katika miradi mikubwa kama reli ya kisasa inayopita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, kuna wahandisi wa kusimamia kazi. Mnara wa shule ya kijijini hauna msimamizi wa namna hiyo.

Makueni ina silaha ambayo haijatumika ipasavyo. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti hiyo ilisifika kwa kamati za wananchi zilizotakiwa kuidhinisha mradi kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Kamati inayoweza kuhesabu mifuko ya saruji inaweza pia kupima mshono. Kipimo chake ni kipande cha chuma kinachotoshea mfukoni. Utaratibu kama huo ungefaa Kitui vilevile.

Linalohitajika ni mambo matatu. Kila mchoro wa mnara uandikwe ukubwa na urefu wa kila mshono, na utiwe sahihi na mhandisi aliyesajiliwa. Mishono ipimwe kabla ya rangi kupakwa. Na tangi lijazwe na kuchunguzwa kabla ya mtoto yeyote kuruhusiwa kuteka maji chini yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mnara wa tani 10, ufa wenyewe huenda ukawa mwembamba kuliko unywele, na ukuta unaweza kujengwa upya. Aliyekuwa amesimama chini hawezi kurudishwa.