Wanaoishi bila ndoa: Kanisa lina lake, na kila upande wa mpaka una wake

Katika parokia za miji ya mpakani, msimamo wa Kanisa Katoliki kuhusu watu wanaoishi pamoja bila ndoa huonekana kila Jumapili bila padri kuutaja. Huonekana wakati wa komunyo. Mstari unasogea kuelekea altareni, na kwenye mabenchi wanabaki baba na mama wa watu. Watoto wao wamebatizwa, zaka wanatoa, kwenye jumuiya hawakosi, na paa la kanisa wamelichangia. Lakini hawasimami. Busia, Namanga, Mutukula, Rusumo, Kobero, popote ambapo watu wamekutana kwa biashara na kuanzisha maisha, mabenchi hayo yana watu.

Tanzania wanaitwa wenye uchumba sugu. Kenya wanasemwa kuwa kwenye ndoa ya njoo tukae. Kinshasa ni "yaka tofanda", maana yake karibu ni hiyo hiyo, na Rwanda husemwa wanabana "batarasezeranye", kwamba hawajapeana ahadi. Majina ni mengi kwa sababu jambo lenyewe ni la kawaida.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani suala hili haliishii kwenye dhamiri. Chukua watu wawili, yeye wa Sirari na mwenzake wa Isebania. Wamekaa pamoja miaka sita, wana watoto wawili, kibanda cha nafaka, na kiwanja chenye jina la mmoja. Mmoja akifariki, au akiamua kuondoka, maswali huja kwa pamoja. Je, ni mke? Nani arithi? Atazikwa kwa misa? Kanisa lina jibu moja kwa pande zote mbili za mpaka. Serikali zina majibu tofauti, na mara nyingi si yale ambayo watu wanaamini.

Nianze na Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba tendo la ndoa lina mahali pamoja tu, ndani ya ndoa, na kwamba nje yake ni dhambi nzito. Inakataa pia hoja ya "tujaribu kwanza tuone", kwa maelezo kwamba mtu hajitoi kwa mwenzake kwa majaribio. Papa Yohane Paulo wa Pili aliliandika hilo kwa urefu mwaka 1981 katika waraka wake kuhusu familia, Familiaris Consortio. Hata hivyo alitofautisha wanaokataa ndoa kwa makusudi na wale waliosukumwa na umaskini, mila au kukosa mafundisho. Tofauti hiyo haikusikika sana vigangoni. Kilichosikika ni kwamba hakuna komunyo.

Mkatoliki wengi wa mpakani hushangaa hapa: hata akienda kwa mkuu wa wilaya au msajili akafunga ndoa ya serikali, Kanisa halimhesabu kuwa amefunga ndoa. Sheria ya Kanisa inataka Mkatoliki aoe au aolewe mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Kwa hiyo mahari iliyolipwa yote, na cheti cha serikali chenye muhuri, bado vinamwacha kwenye benchi.

Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, hakubadilisha fundisho hilo. Alichobadilisha ni namna ya kulifikia. Septemba 2014 alifungisha ndoa watu wa jozi 20 katika Basilika la Mtakatifu Petro, na baadhi yao walikuwa tayari wanaishi pamoja. Mwaka 2016, katika waraka Amoris Laetitia, alikubali kwamba wengine wanaishi hivyo kwa sababu sherehe ya ndoa imekuwa ghali kuliko uwezo wao, na akataka wapokelewe na kusindikizwa kwa uvumilivu. Juni mwaka huo, akizungumza na jimbo lake la Roma, alikwenda mbali zaidi: alieleza kwamba ameona uaminifu mkubwa kwa watu wanaoishi pamoja hivyo, na kwamba anaamini wana neema ya ndoa ya kweli. Kauli hiyo iliwaudhi baadhi ya wanateolojia. Kwetu ilipita kimya, ingawa ingewahusu watu wengi zaidi huku kuliko Roma.

Nasema hivyo kwa sababu Afrika Mashariki ndoa haikuwahi kuwa tukio la siku moja. Inakuja kwa hatua: kujitambulisha, posa, mahari ya kwanza, mahari inayobaki, mtoto, mahari tena. Uganda kuna kwanjula, Rwanda kuna gusaba, kwa Wakikuyu kuna ruracio. Wanazuoni wa hapa waliliona mapema. Mwaka 1977 padri Laurenti Magesa wa Tanzania, pamoja na Benezeri Kisembo na Aylward Shorter, walichapisha kitabu kuhusu ndoa ya Kikristo Afrika, na swali la ndoa inayokua hatua kwa hatua lilikuwa katikati ya kazi yao. Kanisa linauliza: mlifunga ndoa siku gani? Ukoo unajibu: bado tunaendelea. Mtu aliye katikati ya mahari haoni kwamba anaishi katika dhambi. Anaona anadaiwa ng'ombe.

Na juu ya mahari imekuja harusi yenyewe. Kamati, michango, kadi, ukumbi, sendofu, keki, magari. Watu wanaahirisha sakramenti kwa sababu ya sherehe ambayo Kanisa halijaidai. Sheria ya Kanisa inasema maskini asinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini, na kinachotakiwa siku yenyewe ni wanaooana, padri na mashahidi wawili. Wazazi wangu walifunga ndoa kanisani nikiwa darasa la sita. Nilikuwa mtumishi wa altare siku hiyo, nimeshika chetezo, na walikuwa wamekaa pamoja miaka 14. Ilikuwa misa ya asubuhi, na walikuwapo jozi nyingine tano. Baadaye tulikula wali nyumbani. Nikimuuliza mama kwa nini walichelewa hivyo, hataji imani kabisa. Anasema baba yako alitaka afunge harusi ya maana.

Hizo ndoa za pamoja, ambazo parokia nyingi hupanga karibu na Krismasi au jubilei ya parokia, ndizo njia kubwa ya kutoka kwenye benchi. Zina kasoro yake. Kanisa linadai hiari kamili. Ndoa iliyofungwa kwa woga au shinikizo inaweza kutangazwa kuwa batili. Mwenyekiti wa jumuiya anapowaandikisha wote ili parokia ijaze orodha, padri makini anapaswa kuuliza kila mmoja peke yake kama kweli anataka.

Swali la hiari lilikuwa kubwa zaidi Burundi. Mwaka 2017 serikali ya Rais Pierre Nkurunziza iliwaamuru wote wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe uhusiano wao kabla ya mwaka kuisha, katika kampeni iliyoitwa ya kurejesha maadili. Kwa nje serikali na maaskofu walikuwa wanataka kitu kimoja. Kwa ndani hapana: Kanisa linataka ahadi itoke kwa mtu, na amri ya serikali inamtaka mtu awe na cheti. Burundi inatambua ndoa ya kiserikali tu, na aliye nje yake hana kinga ya mke au mume. Kwa mwanamke anayeuza ndizi Kobero cheti hicho kina thamani halisi, hata kama aliyemlazimisha mumewe kukitafuta alikuwa kiongozi wa kilima.

Sasa sheria za wengine, maana hapa ndipo uvumi unapoharibu mali za watu.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mke na mume, itachukuliwa kwamba wana ndoa. Watu wengi wanasimama hapo. Wanasahau kwamba dhana hiyo inaweza kupingwa. Ikithibitika kwamba mwanamume ana mke wa ndoa ya Kikristo Bukoba, mwenzake wa Mutukula hawezi kuwa mke, hata kama wamekaa miaka 20. Kifungu hicho hicho kinamwachia mwanamke huyo nafasi ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa amri nyingine. Lakini aende mahakamani na ushahidi. Hakuna kinachokuja chenyewe.

Kenya mambo yamebana zaidi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja maana ya watu kuishi pamoja, kisha haiwapi chochote. Ile habari ya "miezi sita mmeshakuwa mke na mume" haimo katika sheria yoyote. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, iliamua kwamba dhana ya ndoa bado ipo lakini itumike kwa nadra sana. Wahusika walikuwa wameishi pamoja miaka ipatayo 25. Mahakama haikuwaona kuwa wanandoa, kwa kuwa mwanamke alikuwa na ndoa nyingine ambayo haikuwa imevunjwa. Hata hivyo mali iliyokuwa na jina lake iligawanywa, asilimia 70 kwake na 30 kwa mwanamume, kwa sababu ilionekana wote walichangia. Majaji waliliachia bunge kazi ya kutunga sheria ya watu wanaoishi pamoja.

Mfanyabiashara aisome hukumu hiyo mara mbili. Kilichomsaidia mwanamume yule ni ushahidi wa mchango wake, wala si idadi ya miaka. Risiti za bati, miamala ya simu, daftari la chama, mkopo uliochukuliwa kwa jina lako ukajenga kwa jina lake: hivyo ndivyo vitu ambavyo mahakama inavipima.

Uganda haina dhana ya ndoa ya aina hiyo. Muswada wa Ndoa na Talaka, uliojadiliwa kwa joto kali mwaka 2013, ulikwama, na sehemu iliyogusa mali za watu wanaoishi pamoja ilikuwa kati ya zilizopigwa vita. Viongozi wa dini, Wakatoliki wakiwamo, walikuwa miongoni mwa waliopinga, wakiona kwamba kuipa hali hiyo haki ni kuihalalisha. Hapa nathubutu kusema Kanisa lilikosea mahesabu. Kumlinda mwanamke asifukuzwe kwenye duka alilolijenga hakumwambii kwamba asiolewe. Kumwacha bila ulinzi ndiko kunakompa mwanamume sababu ya kutofunga ndoa.

Rwanda, Katiba inatambua ndoa ya kiserikali ya mke mmoja tu, na parokia hazifungishi ndoa kabla wahusika hawajapita ofisi ya Sekta. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya ukatili wa kijinsia inamtaka aliyekuwa akiishi na zaidi ya mmoja agawane nao mali ya pamoja kwa usawa kabla ya kufunga ndoa halali na mmoja. Congo inatambua ndoa iliyofungwa kifamilia, ila lazima iandikishwe kwa afisa wa serikali. Wengi wa Goma na Bukavu huishia kwenye sherehe ya ukoo na kuliacha jambo hapo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuliziba pengo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kwenda nchi nyingine pamoja na mwenzi wake. Nani ni mwenzi, hilo limeachiwa sheria ya nchi. Anayehesabiwa mke upande wa Namanga ya Tanzania anaweza kuvuka geti akawa rafiki tu.

Wapo ambao Kanisa haliwezi kuwabariki hata wakitaka leo. Dereva mwenye mke wa ndoa ya kanisani Mombasa na familia ya pili Malaba hana njia ya mkato. Kwake imebaki mahakama ya Kanisa, na hiyo inachunguza tu kama ndoa ya kwanza ilikuwa halali tangu mwanzo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu huo, hukumu ya pili ya lazima ikaondolewa. Mtu akitegemea kuficha ile ndoa ya Mombasa, ajue kwamba Kanisa huandika ndoa ya Mkatoliki pembeni ya jina lake katika kitabu cha ubatizo, kule alikobatizwa.

Ndiyo maana cheti cha ubatizo kilichokaa sandukuni tangu utotoni hakikubaliki. Paroko ataomba kipya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita, pamoja na barua ya paroko wa nyumbani kuthibitisha kwamba uko huru. Kisha matangazo ya ndoa husomwa, kwa desturi Jumapili tatu, na kama mmoja ni wa nchi nyingine yasomwe kwao pia. Kama mwenzako ni Mwanglikana itahitajika ruhusa ya askofu. Kama ni Mwislamu, ruhusa hiyo ni nzito zaidi na bila hiyo ndoa haisimami. Kwa mtu wa Kigoma anayeishi Bujumbura, karatasi hizo zinaweza kuchukua miezi. Anayetaka ndoa ya Desemba aanze kuzitafuta kabla ya Agosti, na aulizie kwanza kama parokia aliyobatizwa imegawanywa, maana vitabu vya zamani hubaki parokia mama.