Gari la mbio si lazima liwe na injini kubwa

Vijana wetu wakitaka gari la mtumba lenye mbio, wengi hukimbilia Subaru Forester XT. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida, mimi siipendekezi. Ina uzito wa takriban kilo 1,600 na injini ya cc 2000. Injini inayozidi cc 1500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, isiyozidi ni asilimia 20, na hata ukinunua yadi, ushuru huo umo ndani ya bei.

Suzuki Swift Sport iliyotoka Japani mwaka 2017 ina cc 1371, nayo pia ni ya tabo, lakini uzito wake ni kilo 970 tu. Wepesi huo ndio utakaouhisi ukilipita lori njia ya Malindi. Kasi ya 180 utaitumia wapi, na foleni hii ya daraja la Nyali? (Mwenye watoto wanne atazame kwingine, buti lake ni dogo.)

Ila gari la mbio mara nyingi huuzwa likiwa limeshachoshwa. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Aliwashe likiwa baridi na atazame moshi; ukiwa wa buluu, linakula oili. Weka kando pesa za tairi na breki kabla hujapatana bei. Zisipobaki, liache.