Kufanana kwa Maneno si Udugu wa Lugha

Kulinganisha lugha ni elimu. Kulinganisha maneno mawili yaliyookotwa njiani ni mchezo. Aghalabu mchezo huu huvikwa joho la elimu, na wasomaji wasio na hadhari huupokea kwa heshima usiyoistahili. Madhara yake si madogo. Katika pwani ya Mtwara, toka Mikindani na Msimbati hata mlango wa mto Ruvuma, watu waliorithi lugha ya kale huambiwa kwamba vinywani mwao mna Kiswahili kilichoharibika.

Yafaa kuanza mbali ili kosa lionekane waziwazi. Mtu hugundua kwamba Washona wa Zimbabwe husema “munhu” kwa maana ya mtu, na Wasinhala wa Sri Lanka humwita mwanamume “miniha”. Papo hapo hutangaza kwamba amevumbua udugu uliofichwa na Bahari ya Hindi. Huongeza kwamba lugha zote mbili zina sauti kama “mb” na “nd” zitamkwazo kwa pumzi moja, akadhani hoja imekwisha.

Hoja haijaanza. Neno “munhu” lina viungo viwili, mu- na -nhu. Watu wakiwa wengi ni “vanhu”, wakiwa wawili ni “vanhu vaviri”. “Miniha” haina kiungo cha namna hiyo: wingi wake ni “minissu”, na watu wawili ni “minissu dennek”. Nasaba yake yafika “manushya” ya Kisanskriti, katika ukoo mmoja na lugha za kaskazini ya India, Kiajemi na lugha nyingi za Ulaya. Kishona ni Kibantu. Kitambulisho cha ujamaa wa lugha ni kanuni irudiayo kila mara, si sauti isikikayo mara moja. Lau sauti peke yake ingetosha, basi “mama”, ambayo kwa Kisinhala maana yake ni mimi, ingekuwa mzazi wa kila Mswahili. Na “imba” ya Kishona ingekuwa wimbo, hali ni nyumba, wingi wake “dzimba”.

Akishindwa hapo, mtu huyo hukimbilia meza na leso, kwani Kisinhala nacho kina “mesaya” na “lensuva”. Ni kweli, lakini maneno hayo yametoka kwa Wareno, waliofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na Sri Lanka mwaka 1505. Mchuuzi mmoja akiuza kitambaa katika nyumba mbili hazifanyi nyumba hizo kuwa ukoo mmoja. Hata watu walichukuliwa: wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Sri Lanka wangali wanaishi karibu na Puttalam, wala Kisinhala hakikuwa Kibantu kwa ajili yao.

Sasa msomaji na arudi Mtwara. Kiswahili husema mtu, watu, kitu. Kimakonde husema “munu, vanu, chinu”. Kishona husema “munhu, vanhu, chinhu”. Na katika Kiyao cha Masasi mtu ni “mundu”, kitu ni “chindu”. Hapa hapana bahati nasibu. Katika shina hili, palipo na “t” ya Kiswahili, Kimakonde kina “n”, Kishona “nh”, Kiyao “nd”. Na palipo na ki-, wenziwe wana chi-. Watu wawili kwa Kimakonde ni “vanu vavili”. Wataalamu huliandika shina la zamani -ntu, na njia ya kuzipima sauti hizi imejulikana tangu Carl Meinhof alipotoa kitabu chake mwaka 1899.

Basi wale wasemao kwamba “munu” ni “mtu” iliyoharibiwa na wajibu: ni mharibifu gani huyu aharibuye kwa utaratibu? Tena Kimakonde kimeihifadhi irabu ya mu- ambayo Kiswahili kimeiacha katika “mtu”. Ikiwa kubadilika ni kuharibika, Kiswahili kitahukumiwa kwanza. Lakini hakuna aliyeharibu. Kila mrithi ameutumia urithi wake kwa njia yake.

Kimwani cha Ibo na Mocímboa da Praia, ng'ambo ya Ruvuma, ni mtihani mgumu zaidi. Kimekaribiana mno na Kiswahili, na wataalamu wamebishana kama ni lahaja yake au ni lugha jirani iliyolelewa naye. Ubishi huo ni halali, maana hupimwa kwa kanuni. Mpaka hauwezi kuuamua. Kionga, kusini ya mlango wa mto, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894 na Wareno mwaka 1916. Bendera zilibadilika, wala hakuna lugha iliyohama ukoo wake.

Tangu Oktoba 2017, vita vilipozuka Mocímboa da Praia, swali hili limetoka darasani. Mkimbizi avukaye mto husikilizwa lafudhi kabla hajaulizwa jina, na msikilizaji asiyejua ujamaa wa lugha huweza kumhesabu jirani kuwa mgeni.

Yupo atakayesema kwamba kuzichunguza lugha za makabila ni kuamsha ukabila. Hofu yake ina asili njema, kwani umoja wa Tanzania ni mali. Lakini Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi ya lugha hizo mwaka 2009, na taifa halikuvunjika. Zaidi ya hayo, walipotokea watu wakahesabu maneno ya Kiarabu katika kamusi, wakasema Kiswahili si lugha ya Afrika, walijibiwa kwa sarufi: kwamba maneno hukopwa, lakini ngeli na upatanisho ni mifupa ya mwili. Jibu lile lilikuwa la haki. Ni dhuluma kuishika mizani hiyo kwa ajili ya lugha moja na kuivunja ifikapo zamu ya jirani.

Mwanafunzi wa lugha na achukue daftari aende Newala, Mikindani na Kilambo. Aulize umoja, aulize wingi, aulize wawili, kisha ndipo ahukumu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Amwachishaye mwenziwe asili kwa kumwambia kwamba lugha yake ni kosa hastahili jina la mwalimu.