Rili ya Duara ya Elfu Sitini: Nunua Kazi, Usinunue Sifa

Wasee, leo tunaongea rili, na najua nitaudhi pande mbili kwa mpigo mmoja.

Kuna wale wanaosema rili za duara ni za wazee, vitu vya kukaa kwa kabati la guka pamoja na redio ya betri. Halafu kuna wale wameona video tatu za Mjapani akirusha chambo kikubwa kama kiatu, na sasa wanaweka akiba wanunue rili ya elfu sitini ndio picha itoke poa. Mimi msimamo wangu ni huu: kwa uvuvi wa chambo kikubwa, rili ya duara bado inashinda. Lakini pesa yako inafaa iende kwa vitu vitatu, yaani fremu, gia na vipuri. Hivyo vingine wanavyokuuzia nitaviweka pembeni, na nitakuambia kwa nini.

Kwanza tujue huu uvuvi umetoka wapi. Chambo kikubwa kilipata jina California. Huko waliweka trauti kwenye mabwawa ya maji, na besi wa mdomo mkubwa wakazoea kumeza samaki mzima mzima. Wavuvi wakaona, wakaanza kuchonga chambo bandia cha ukubwa wa trauti. Japani nao wakaingia kwa fujo. Mwaka wa 2009, kwenye Ziwa Biwa, Manabu Kurita alivua besi wa kilo 10 na kidogo, akafikia rekodi ya dunia ambayo George Perry aliiweka Georgia, Marekani, mwaka wa 1932. Kurita alitumia samaki hai kama chambo, lakini somo ni lile lile: samaki mkubwa hatoki kwake kufuata kitu cha kijiko cha chai.

Na kabla useme hiyo ni habari ya watu wa mbali, besi huyo huyo wa mdomo mkubwa ako Naivasha, aliletwa tangu enzi za mkoloni. Sisemi utamtoa wa kilo kumi hapo. Nasema hii mada si ndoto ya mtandaoni. Na ukienda Ziwa Victoria au Turkana kuna mbuta, ambaye huyo ni mnyama wa daraja lingine kabisa.

Sasa, kosa naloona kila siku ni msee anaanza na rili. Anza na chambo. Chukua kile unachopanga kurusha, kiweke kwa mizani. Jointed Claw 178 ya Gan Craft, ambayo wengi huanzia hapo, iko kwenye gramu 56 na kitu. Slide Swimmer 250 ya Deps, ile ya sentimita 25, inapita gramu 160. Hizo ni kazi mbili tofauti, na mtu akikuambia rili moja inafaa zote sawasawa, anataka kuuza.

Hebu tupige hesabu. Chambo cha gramu 170, ukikirusha mara 200 kwa siku, umerusha kilo 34. Hiyo ni pakiti 17 za unga za kilo mbili, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Na hapo sijaweka nguvu ya kukivuta kurudi, maana maji yanakipinga kila sentimita. Rili ndogo ya kurushia chambo chepesi itavumilia wiki ya kwanza. Baadaye utaanza kusikia gia zinasaga kama mtu anatafuna mchanga.

Hapo ndipo duara inapata heshima yake. Umbo hilo linaacha nafasi ya gia kubwa ndani, na gia kubwa ina meno manene yanayoshika vizuri. Pia linaacha nafasi ya bobini pana, na mshipi wa chambo kikubwa ni mnene. Tunaongea mshipi wa pauni 20 hadi 25, yaani wa kushikilia kilo 9 hadi 11 kabla ukatike. Mimi nataka angalau mita 100 za mshipi huo zikae kwa bobini bila kumwagika. Kama rili inabeba mita 60 pekee, iache hapo dukani.

Halafu fremu. Rili nzuri za duara, kama Calcutta Conquest ya Shimano, zina fremu ya alumini ya kipande kimoja. Kwa nini ujali? Kwa sababu samaki akivuta, kitu cha kwanza kujaribiwa ni fremu. Ikijipinda hata kidogo, gia zinaacha kukaa sawa, na nguvu yako yote inapotea humo ndani. Ishike rili mkononi, finya pande zote mbili kwa nguvu, kisha zungusha mkono wake. Ikibadilisha sauti au ikiwa nzito ghafla, rudisha.

Gia sasa. Vijana wengi wanataka namba kubwa, ati 8 ni kali kuliko 5. Hapana. Hiyo namba inasema bobini inazunguka mara ngapi ukizungusha mkono mara moja. Bobini ya kipenyo cha sentimita 4, ikiwa na gia ya 5, inavuta sentimita kama 63 kila mzunguko. Ikiwa na gia ya 7, inavuta kama 88. Inasikika poa, mpaka uvute chambo cha gramu 170 siku nzima. Angalia lori likipanda Mai Mahiu kurudi Nairobi. Dereva hayuko gia ya tano. Kwa chambo kikubwa kinachoogelea polepole, mimi nakaa kati ya 5 na 6, na natafuta mkono mrefu wenye vishikio vinene. Gia ya kasi nawaachia wenye chambo cha kuruka juu ya maji, ambacho mshipi wake unalegea kila saa na lazima uukusanye haraka.

Tuje kwa vile nilisema ni mapambo.

Cha kwanza ni idadi ya beringi. Muuzaji atakuambia, "Hii iko na 12, ile iko na 6." Muulize za nani na ziko wapi. Beringi chache nzuri kwenye bobini na kwenye shafti ya gia zinazidi kumi za kujaza karatasi.

Cha pili ni breki ya kompyuta. Shimano wana mfumo unaoitwa DC, kompyuta ndogo ndani ya rili inayodhibiti bobini wakati wa kurusha, na inajitengenezea umeme wake kutokana na mzunguko wa bobini yenyewe. Ni akili nyingi, sikatai. Lakini inasaidia zaidi ukirusha chambo chepesi dhidi ya upepo. Chambo kizito kinavuta mshipi chenyewe. Shida yake huanza pale mwanzo, ukirusha kwa mshtuko. Dawa ni kukirusha kwa mzunguko mpana, mkono umetulia, na kidole gumba kando ya bobini. Kidole hakina bei.

Na usicheze na hiyo sehemu. Mshipi ukijisokota chambo cha gramu 170 kikiwa hewani, mshipi unakatika na hicho kitu kinaenda na ndoana zake. Chambo chenyewe kinaweza kuwa cha dola 100. Na kama kuna mtu nyuma yako kwa boti, sasa hiyo si hasara ya pesa tena.

Dragi je? Hicho ni kile kizuizi kinachomwachia samaki mshipi kidogo kidogo akivuta. Watu wanashindana ati yangu inashika kilo 8, yangu 10. Mimi naangalia kama inaanza kuachia kwa ulaini. Funga mshipi kwa kitu, vuta polepole, sikiliza. Ikigoma halafu ikiruka, siku moja itakata mshipi, na samaki ataondoka na ndoana tatu mdomoni. Ukimtaka samaki mkubwa, una deni la kutomwacha hivyo.

Sasa vipuri, na hapa ndipo nabishana na kila mtu. Unajua Abu Garcia, ile kampuni ya Uswidi yenye Ambassadeur? Ilianza mwaka wa 1921 ikitengeneza saa. Mwaka huo huo, Sakai kule Japani, Shimano nayo ilianza, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kipuri cha baiskeli. Ndio, ni Shimano ile ile ya gia za baiskeli yako. Wote wawili walitoka kwa vitu vinavyofunguliwa, vinasafishwa, vinarudishwa. Ambassadeur imekuwepo tangu miaka ya 1950, na umbo lake la ndani limebadilika kidogo sana. Fundi mwenye bisibisi na mikono mitulivu anaielewa, na vipuri vyake viko vingi duniani.

Kwetu hiyo ndiyo sifa ya kwanza. Rili ikiharibika Tokyo, mwenyewe anaipeleka dukani. Ikiharibika hapa, unaagiza kipuri, unalipa usafiri, unalipa ushuru, unangoja. Kwa hivyo kabla ulipe, tafuta ule mchoro wa vipuri unaokuja na boksi. Kila kipande kiwe na namba yake. Hakuna mchoro, hakuna biashara. Na angalia namba ya rili yenyewe: kwa Shimano na Abu, ikiishia na 1, kama 201 au 6501, mkono uko kushoto. Wengi wamelipa ndio wakagundua.

Najua mtaniambia rili bapa za siku hizi zinakuja za size kubwa pia. Kweli. Na zinakaa vizuri mkononi, hasa kama vidole vyako ni vifupi. Duara ni nzito, robo kilo na zaidi, na jioni bega litakukumbusha. Kama unarusha chambo cha gramu 60 mara chache, bapa inakutosha na sitakucheka. Nikipita gramu 100, siku nzima, mimi narudi kwa duara.

Basi pesa. Calcutta Conquest mpya inaanzia dola 500 hivi, zaidi ya elfu sitini kabla ya usafiri na ushuru. Ambassadeur ya size ya 6500 unaweza kuipata kwa robo ya hiyo. Kama unavua mara moja kwa mwezi, chukua Ambassadeur, na ile pesa imebaki nunua mshipi mzuri, chambo viwili na nauli ya Naivasha. Kama uko majini kila wikendi na mkono wako unajua kazi, hapo elfu sitini ina maana, kwa sababu utailipia mara moja na itakaa na wewe miaka. Rahisi ni ghali, ndio. Lakini ghali isiyofanya kazi ni ghali mara mbili.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Usiingie Fuliza ama mkopo wa simu ndio ununue rili ya kupigia picha. Samaki hawasomi jina kwenye fremu. Weka chambo chako kwa mizani kwanza, andika hiyo namba, halafu ndio uende dukani.